Usipande Mikoko Kwenye Tope Tupu: Mwongozo wa Kulinda Ndege Wahamaji Katika Kijiji cha Pwani

Ikifika Februari 2, Siku ya Ardhioevu Duniani, picha huwa zile zile. Watu wamevaa fulana mpya, wameshika miche ya mikoko, wanaichomeka kwa safu kwenye tope lililo wazi mbele ya bahari, mgeni rasmi akiwa katikati. Ukirudi pale baada ya mwaka, miche mingi imezolewa na mawimbi. Ile michache iliyoshika, ikikua, inageuza malisho ya ndege kuwa kichaka.

Tope hilo tunaloliita tupu limejaa minyoo, kaa wadogo, kombe na konokono. Ndege waliotoka Siberia na Ghuba ya Uajemi huja kula hapo hapo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya uhifadhi wa pwani ni kuacha vitu mahali pake: tope libaki tope, mikoko ibaki mikoko, na fungu la mchanga likae kimya maji yanapojaa.

Mwongozo huu nimewaandikia wanakamati wa mazingira wa kijiji, BMU (vikundi vya kijamii vya kusimamia uvuvi ufukweni), walimu wenye klabu za mazingira na wenye majaruba ya chumvi, hasa kuanzia Kibiti na Mafia hadi Kilwa. Eneo hilo, Rufiji-Mafia-Kilwa, liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa la nne kwa Tanzania baada ya Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron na Bonde la Kilombero. Walio Bagamoyo, Tanga, Lindi au Pemba watayakuta mambo ni yale yale.

1. Jifunzeni kalenda ya wageni

Ratiba ya ndege hawa inakaribiana na ya majahazi ya zamani ya Uarabuni, yaliyokuja na kaskazi yakarudi na kusi. Wa kwanza huanza kuonekana Agosti, hujaa kati ya Septemba na Novemba, na huondoka Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Wengi wa vitwitwi, wale wadogo wa kijivu wanaokimbia ukingoni mwa maji, huzaliana kaskazini kabisa ya dunia wakati wa kiangazi kifupi cha Juni na Julai. Wapo pia wakubwa wa kahawia wenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Na yupo mmoja ambaye kila kijiji kinapaswa kumjua: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi, kazi yake kula kaa. Huyo hazaliani Siberia. Hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani katika pwani na visiwa vya upande wa Uarabuni, kama Oman na Kuwait, na kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa msimu. Mtamwona huku bado akiombwa chakula na kinda lake lililokuja naye. Ndege anayezaa polepole hivyo hawezi kufidia haraka wanaokufa.

Andikeni majina mnayoyatumia kijijini, kila jina na picha yake. Majina ya kitaalamu yatafuata baadaye.

Kipindi cha kutia mkazo zaidi ni Machi hadi katikati ya Aprili. Ndege hula mchana na usiku kwa kufuata maji, akijaza mafuta ya safari. Kitwitwi mwenye uzito wa gramu 50 au 60 anaweza kuongeza nusu ya uzito wake kabla ya kuondoka. Akirushwa kila saa na mbwa au pikipiki, mafuta hayo huishia hapa hapa. Kama mna nguvu ya kulinda kwa wiki sita tu katika mwaka, basi ziwe hizo.

Msidhani kwamba wakati wa kusi pwani huwa haina mgeni. Ndege wengi wachanga, wasiofikia umri wa kuzaa, hubaki mwaka mzima.

2. Choreni ramani ya maji mawili

Chagueni siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, hivyo mandhari ya saa nne asubuhi na ya saa kumi jioni ni kama vijiji viwili tofauti. Nendeni mara zote mbili.

Maji yakiwa yamekupwa, chora tope linaishia wapi, mchanga unaanzia wapi, nyasi za bahari ziko wapi. Weka alama ndege wanapokula. Weka alama pia wanapopita watu: wanaochokoa pweza, wanaookota kombe, wanaochimba chambo, na zilipo nyando (nyua za kutegea samaki) na njia za mitumbwi.

Maji yakijaa, swali ni moja: wote wale wamekwenda wapi? Kwa kawaida utawakuta wamesongamana mahali padogo sana. Inaweza kuwa ncha ya fungu, uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, au ukuta wa jaruba. Wengi husimama kwa mguu mmoja, mdomo ukiwa chini ya bawa. Malisho yanaweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa, lakini mapumziko ya ndege wa kijiji kizima, yaani pale wanaposubiri maji yakupwe, yakawa na ukubwa wa uwanja wa mpira. Ndiyo maana ninaweka mapumziko mbele ya kila kitu. Ni madogo, yanajulikana yalipo, na yanalindika. Na ndege wakiyakosa, mara nyingi huacha na malisho yaliyo karibu, hata kama tope lenyewe halijaguswa na mtu.

Mwisho ongeza maji baridi: mito, mifereji, makalvati, mashamba ya mpunga yaliyo juu. Tope la delta hujengwa na mchanga laini unaoletwa na mto. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mabwawa makubwa kokote duniani hushika sehemu ya mchanga huo. Kijiji hakiwezi kuamua mitambo ifunguliwe lini, ila kinaweza kupigilia vigingi vichache imara kwenye ukingo wa tope na kupima kila mwaka umbali wa ukingo kutoka kwenye kigingi.

3. Hesabuni, japo kwa darubini moja

Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayoratibiwa na Wetlands International tangu 1967, hufanyika kila Januari. Fuateni mwezi huo ili takwimu zenu zilinganishwe na za wengine. Mkiweza, ongezeni hesabu moja mwishoni mwa Machi.

Msihesabu maji yakiwa yamekupwa, maana ndege watakuwa wametawanyika hadi upeo wa macho. Fikeni kwenye mapumziko saa mbili kabla ya maji kujaa, mkae mahali pamoja, muwaache waje wenyewe. Mmoja aangalie, mwingine aandike. Kundi likiwa kubwa, hesabu ndege 10 mmoja mmoja, tazama kumi hao wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa kipande hicho. Kwa makundi ya maelfu anza na kipande cha 100. Rudieni mara mbili, na majibu yakitofautiana sana hesabuni tena.

Usilazimishe jina la aina. “Vitwitwi wadogo, mchanganyiko, 340” ni taarifa nzuri kuliko aina nne za kubahatisha. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na kilichowarusha ndege kama walirushwa. Siku mkikuta hakuna ndege, andikeni sifuri. Daftari lenye sifuri zake ndilo litakaloaminiwa.

Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine iende kwa afisa wanyamapori wa wilaya na kwa chama cha Nature Tanzania. Kuna sababu ya kisheria pia. Miongoni mwa vigezo vya Ramsar ni eneo kuwa na ndege wa majini 20,000 kwa kawaida, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani katika njia yao ya uhamaji. Kigezo cha pili huweza kufikiwa na fungu moja dogo, kwa aina moja ya ndege. Bila daftari hakuna atakayejua.

4. Zungumzeni na wanaotumia tope kabla ya kutunga chochote

Anzeni na kina mama wanaookota kombe na kuchokoa pweza. Miradi mingi ya uhifadhi huwaendea wao mwisho, tena ikiwa na bango la makatazo mkononi. Mtu anayetembea taratibu ameinama, ndoo ubavuni, hawasumbui sana ndege. Wanasogea kidogo, kisha wanarudi. Mbwa watatu wanaofukuzana, pikipiki inayokata ufukweni, au kundi la watoto wanaorusha mawe hurusha kila ndege aliyepo.

Waulizeni wazee: zamani ndege walikuwa wanalala wapi, na kwa nini walihama? Majibu hayo huwa ramani nzuri kuliko ya setilaiti. Mjumbe kijana aende na mtu wa rika lao, aamkie, akae chini, asikilize. Asifungue daftari kwanza.

Kisha wekeni hoja yenu mezani. Hamfungi tope. Mnaomba fungu moja liachwe kwa takriban saa tatu maji yanapojaa, kuanzia Septemba hadi Aprili. Saa hizo tope limefunikwa, hakuna kombe wa kuokota, hakuna pweza wa kuchokoa. Kwa mama yule gharama ni ndogo mno, na akilijua hilo anakuwa mlinzi wa kwanza.

Mazungumzo magumu ni na wavuvi wa dago. Wao hupiga kambi kwenye mafungu na visiwa vidogo, huanika nyavu, hukausha samaki. Hapo inabidi kupatana: dago ibaki upande mmoja, ncha ya upande wa pili iwe ya ndege, mbwa wasivushwe, mayai ya shakwe na jamaa zake yasiokotwe, mabaki ya nyuzi za plastiki yarudishwe bara, kwa sababu uzi mmoja unaweza kufunga miguu ya ndege hadi ukaikata. Msiwaletee wavuvi wa dago sheria iliyopitishwa wakiwa baharini. Wataivunja, na sitawalaumu.

Mahali ambapo watu wamewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kama Kisiwa Panza huko Pemba, mjadala huu huwa mfupi. Wanajua tayari maana ya kufunga sehemu kidogo kwa muda.

5. Wekeni mipaka ya mapumziko

Vigingi vinne na vitambaa vya rangi vinatosha. Umbali wa mita 100 ni mwanzo mzuri, lakini ndege wenyewe ndio watakaowafundisha. Wakiinua vichwa na kuacha kula au kulala, umekaribia mno; simama, rudi hatua chache. Wapiga picha na waongoza watalii waambiwe hivyo hivyo, hasa wale wanaotaka picha ya kundi likiruka kwa mkupuo. Picha hiyo ndege huilipia kwa mafuta yake.

6. Wenye majaruba ya chumvi

Hapa kuna nafasi kubwa ambayo haizungumzwi. Majaruba ya chumvi, yakitunzwa kidogo tu, huwa mapumziko na malisho kwa wakati mmoja, na mwenye nayo hapotezi hata gunia moja.

Maji ya bahari huingia jaruba la kwanza, yakapita la pili na la tatu yakizidi kuwa makali, hadi yale ya mwisho ambako chumvi huganda. Ya mwisho hayana uhai wa maana, waachieni wafanyakazi. Ya kwanza na ya kati ndiyo yenye viluwiluwi vya wadudu, kamba wadogo na minyoo. Ndege hutafuta kina kinacholingana na miguu yao: vitwitwi wadogo hawapendi maji yanayozidi sentimita 4 au 5, wenye miguu mirefu huweza kuingia hadi sentimita 10 au 15. Jaruba lenye maji ya magotini halimfai yeyote kati yao. Basi palipo na majaruba mengi, acheni moja au mawili ya mwanzoni yawe na sakafu isiyo sawa, upande mmoja uwe na kina kifupi.

Kuta zisiote majani marefu. Ndege anayepumzika anataka kuona adui akiwa mbali. Ukarabati mkubwa wa kuta pangeni Mei hadi Julai, wageni wakiwa wachache. Masika yanapositisha uzalishaji, msikaushe majaruba yote kwa pamoja wala kuyajaza hadi juu. Bakizeni maji ya kina kifupi, maana mvua huanza Machi, wakati ule ule wa kujaza mafuta. Na wanaochemsha chumvi kwa kuni za mikoko wajue kuwa hakuna jaruba litakalofidia msitu huo. Chumvi ya jua ndiyo ya kuhimizwa.

7. Sasa, mikoko

Sisemi isipandwe. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, na maisha ya samaki na kamba yameshikamana nao. Nasema ipandwe ilikokuwa.

Simameni kwenye ukingo wa mikoko ya asili upande wa bahari, mtazame miti ya mwisho kabisa, mara nyingi mililana au michu. Mbele ya mstari huo msipande kitu. Kama tope lile lingefaa miti, mbegu zinazoletwa na maji kila mwaka zingeshaota zenyewe. Badala yake nendeni nyuma: palipokatwa nguzo, mashamba ya mpunga yaliyofyekwa ndani ya mikoko upande wa kaskazini wa delta kisha yakatelekezwa, majaruba yaliyoachwa miaka mingi.

Na hapo nyuma, kabla ya kubeba miche, uliza kwanza kama maji yanapita. Mara nyingi tatizo ni ukuta au barabara iliyozuia mkondo. Kalvati moja au ufa mmoja kwenye ukuta wa jaruba la zamani huleta maji, maji huleta mbegu, na msitu hurudi ukiwa na mchanganyiko wake wa asili badala ya safu za mkoko wa aina moja tu. Lakini angalieni ramani yenu ya hatua ya 2: kama jaruba hilo ndilo mapumziko ya ndege, tafuteni jingine. Mikoko iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, hivyo msikate wala msipande kabla ya kuzungumza nao.

Mfadhili akija na bajeti ya miche elfu kumi na tarehe ya sherehe, mwonyesheni ramani. Akisisitiza tope, mkatalieni. Inawezekana.

8. Iandikeni iwe sheria

Makubaliano ya mdomo huondoka na mwenyekiti aliyeyafanya. Halmashauri ya Kijiji iandae rasimu ya sheria ndogo, ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Kabla ya hapo haina nguvu ya kutoza faini. Rasimu iwe fupi: eneo, miezi, saa, makatazo, adhabu. Mapumziko na malisho yaingizwe pia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kwa jina lake na kwa ramani. Uwanda wa chumvi usiopangiwa chochote kwenye karatasi huonekana kama kiwanja kinachosubiri mnunuzi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Itajeni. Lakini msiitegemee peke yake, kwa kuwa tope lenyewe mara nyingi liko mbali zaidi ya hapo, upande wa bahari.

Sumu ipewe kifungu chake. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega ndege kwa dawa ya kuulia wadudu, wakawauza kama kitoweo. Aliyekula ndege yule alikula na dawa.

9. Mradi mkubwa ukija

Bandari, kiwanda, hoteli, mabwawa ya kamba: vyote hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipangwa mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya delta ya Rufiji. Wanakijiji waliupinga, shauri likafika mahakamani, na mabwawa yale hayakujengwa.

Ombeni ripoti ya tathmini iliyo kamili, msikubali muhtasari. Tafuteni sehemu ya ndege na muangalie walihesabu mwezi gani. Timu iliyokuja Juni itaandika kwamba ndege ni wachache, na haitakuwa imesema uongo. Wawekeeni mezani daftari lenu la Januari na Machi pamoja na ramani ya maji mawili, mdai viambatanishwe kwenye muhtasari wa mkutano. Msisaini orodha ya mahudhurio kabla ya kuona kichwa cha habari juu yake, kwa sababu orodha ya waliohudhuria hugeuka kirahisi kuwa orodha ya waliokubali. Mtendaji agonge mhuri kwenye nakala mbili, moja mwondoke nayo siku hiyo hiyo.